New Course ya St Andrews ikiwa kahawia: njoo hivyohivyo

Shemeji yangu aliposhuka kwenye gari na kuuona uwanja wa gofu wa New Course, hapa St Andrews, Scotland, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Shemeji, hawa watu wamekatiwa maji?"

Nilimwelewa. Yeye ni mtu wa Nairobi, gofu amejifunzia kwenye nyasi za kikuyu, zile nene zinazoubeba mpira ukakaa juu kama andazi kwenye sahani. Alikuwa amesafirisha fimbo zake toka huko, amelipia mzigo wa ziada, amenunua na fulana mpya ya kola. Sasa mbele yake kuna kitu chenye rangi ya chapati. Njia za kuchezea zote kahawia. Vilima vya kando vimepauka hadi vinaumiza macho. Kijani kilichobaki ni cha grini peke yake, pale penye nyasi fupi na shimo lenye bendera, nacho si kijani cha kujivunia, ni cha embe linalokaribia kuiva.

Hiyo ilikuwa katikati ya Agosti 2022. Tangu hapo nimeucheza uwanja huu mara nyingine tano, ukiwa mkavu na ukiwa umelowa chapachapa. Naandika maoni haya kwa sababu kila kiangazi cha Scotland kikikaza napata ujumbe uleule kutoka kwa ndugu wanaopanga safari: nimeona picha, nyasi zimekufa, nisubiri mwakani? Usisubiri. Kama una nafasi ya kuchagua wiki, chagua hiyo ya picha mbaya.

Nijitambulishe kidogo ili mjue mnamsikiliza nani. Mie dereva wa basi, naishi Dundee, ng'ambo ya mto Tay. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa asiye hodari, ni 19 na sioni dalili ya kushuka. Lakini nimezaliwa Mombasa, na utotoni nilibeba mifuko ya wakubwa kwenye kile kiwanja cha mashimo 9 kilicho juu ya bahari, upande wa Mama Ngina, meli zinapita karibu ukidhani utazigusa kwa fimbo. Ukedi ndio ulionifundisha gofu. Na tuliokuwa makedi tulicheza saa za jua kali, wenyewe wakishaondoka, kwa fimbo moja ya kuazimana.

Sasa tuje kwenye huduma.

Jina lisikudanganye. Uwanja unaitwa New lakini ulifunguliwa mwaka 1895, kazi ya Old Tom Morris. Umepewa jina hilo kwa sababu jirani yake ni Old Course, na ukiwa na jirani kama huyo utaitwa mpya hadi kiama. Mashimo 18, par 71 (mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kutumia), yadi 6,625 ukisimama tii za nyuma kabisa, pale pa kuanzia. Unatoka mjini kuelekea mlango wa mto Eden, halafu unageuka na kurudi. Kupata nafasi Old Course ni bahati nasibu, kweli kabisa, majina yanachezeshwa kura. Tena Jumapili Old haichezwi, watu wanatembeza mbwa juu ya grini ambazo wewe ungelipa nauli ya ndege kuzikanyaga. New unakata muda wako mtandaoni bila matatizo. Mie nilikata saa 10 na robo jioni, wiki moja kabla, na Jumapili upo wazi pia. Bei sitaitaja kwa kuwa inabadilika, ingia tovuti yao uone mwenyewe. Ni ghali, lakini haifiki ya Old.

Mapokezi mazuri. Mzee wa pale tii ya kwanza, yule anayehakiki majina na kuwaruhusu watu kuanza, aliangalia fimbo za shemeji, akaangalia viatu vyake, akatuambia jambo moja tu: leo mpira wenu utafika mbali kuliko mnavyodhani, na hilo si lazima liwe jema. Shemeji akacheka. Akapiga draiva, ile fimbo ya kupeleka mpira mbali.

Jamani, ule mpira! Uliruka kawaida, pengine chini ya kawaida, maana Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake nyepesi humpa mtu yadi za bure ambazo hapa hazipo. Lakini ulipogusa ardhi haukutua, ulianza safari nyingine. Ukadunda mara moja, mara ya pili, halafu ukatambaa, ukatambaa, ukaupata ubavu wa kijilima ambacho hata hatukuwa tumekiona, ukapinda kulia kama gari linaloingia kituo cha mafuta, ukadondoka ndani ya banka, yale mashimo ya mchanga. Shemeji alikuwa bado ameshikilia mkao wa kupigwa picha.

Huo ndio ukavu. Watu wengi wanadhani kiangazi kinarahisisha gofu kwa sababu mpira unakwenda mbali. Kinaurefusha mpira na kuufinya uwanja kwa wakati mmoja. Njia ambayo siku ya mvua ina upana wa kutosha lori mbili kupishana, siku kavu inabaki ya kupita mkokoteni, kwa sababu kila mpira unaotua kando kidogo unaendelea kwenda kando. Mabonde na matuta madogo ambayo Oktoba ni mapambo, Agosti yanakuwa marefa.

Na ardhi yenyewe ina sauti. Hili halipo kwenye picha. Mpira ukitua pale unasikia "ko!", mlio mfupi na mkavu kama unagonga nazi iliyokauka kusikiliza kama ina maji. Mara ya kwanza niliposikia mlio ule nilisimama. Nilikuwa sijausikia tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Mombasa chini ya udongo kidogo kuna jiwe la matumbawe, na kuanzia Januari hadi mvua za masika, kaskazi ikivuma, nyasi zinakuwa rangi ya mkeka na mpira unalia vilevile. Hapa chini ni mchanga mtupu, si jiwe, lakini mchanga ukishakaa wiki kadhaa bila mvua na ukashikwa na mizizi ya nyasi, unakaza kama sakafu.

Zile nyasi, nijibu na hilo, hazijafa. Zile nyembamba kama nywele za mtoto, wenyewe wanaziita feskyu, zikikosa maji zinajilaza. Zinaacha kukua, jani linageuka kahawia, lakini mzizi umeshuka chini kwenye mchanga na unasubiri. Mvua ikinyesha wiki mbili utarudi usitambue. Mie nilirudi mwezi wa kumi mwaka uleule, kijani kitupu.

Turudi kwa shemeji. Kufikia shimo la tatu alikuwa amepoteza mipira miwili na subira. Tatizo lake lilikuwa moja: anapiga juu. Nairobi unapiga mpira juu kabisa, unatua kwenye grini laini iliyomwagiliwa, unajikita. Pale shimo la tatu alikuwa yadi 60 kutoka kwenye grini, hakuna kitu mbele yake ila nyasi kavu zilizolala. Akatoa ile fimbo yake ya digrii 60, inayong'aa, ghali kuliko friji yangu. Akaipiga chini ya mpira kama alivyozoea. Sasa, fimbo zile zina tumbo nene chini, zimetengenezwa hivyo zisizame kwenye nyasi laini na mchanga. Kwenye ardhi ngumu tumbo hilo linagonga na kuruka, na ncha inaupata mpira kiunoni. Kavumbi kakatimka, mpira ukaondoka chini kwa chini kama risasi, ukaivuka grini yote ukaishia kwenye vichaka vya miiba upande wa pili.

Akanitazama. "Shemeji, wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia ningemtuma panya.

Panya ni neno letu la ukedi. Unachukua fimbo ya 7, au hata ya 6, unasimama karibu na mpira, unaupiga kidogo tu kama unayepiga puta, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, unautanguliza upite chini kwa chini, urukeruke mwanzoni kisha uingie mbio kuelekea shimoni kama panya anayejua tundu lake liko wapi. Tulikuwa tunafanya hivyo kwa kukosa njia nyingine, fimbo ilikuwa moja. Nimehangaika miaka huku Uingereza nikijaribu kupiga mipira mizuri ya juu kama ninayoiona kwenye televisheni, nikidhani panya ni mchezo wa watoto maskini. Jioni ile nilimtuma panya kutoka yadi 70, 40, 30, mara moja kutoka nje ya grini yadi 25 kwa puta tupu. Sikuwahi kucheza vile. Shemeji mwenye handikapu 14 alinitazama kama ninayemfanyia kiini macho.

Wala si mchezo wa maskini. Mwezi mmoja kabla yetu, pale jirani Old Course, Open ya 150, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, ilichezwa kwenye ukavu huohuo. Siku ya mwisho Cameron Smith wa Australia alifika shimo la 17 akiongoza, na mpira wake ukakaa ile banka mbaya ya Road Hole, ndilo jina la shimo hilo, ikiwa katikati yake na bendera. Mtu mwenye mikono kama yake angeweza kuurusha. Alichukua puta. Akauzungusha mpira nje ya ukingo wa banka, ukapanda mteremko, ukaingia kwenye grini, akaokoa par yake. Akamaliza siku na mikwaju 64, jumla 268, yaani 20 chini ya par, akashinda kwa mkwaju mmoja. Ukimuuliza yeyote Dundee kuhusu Open ile atakutajia puta hiyo. Na wazee zaidi watakurudisha kwenye Open ya Hoylake, England, mwaka 2006, nyasi za manjano vilevile, Tiger Woods akashinda akiwa ametumia draiva mara moja tu kwa siku zote nne.

Mie mwenyewe mwaka 2018 nilikuwa naendesha basi la kupeleka watazamaji wa Open kwenye uwanja wa Carnoustie, upande wetu wa Tay. Kiwanja kile kilikuwa kama nyika ya Tsavo mwezi wa tisa. Abiria wote wanaongea kitu kimoja, mipira imekimbia kiasi gani. Mshindi akawa Francesco Molinari, mtu asiyesifika kwa nguvu. Nililipia nafasi ya kuegesha na sikuona hata shimo moja, lakini hayo ni ya kwangu na mwajiri.

Lazima niseme jambo kuhusu viwanja vingine, maana mtu akisoma hapa anaweza kudhani kila uwanja ukikauka unakuwa mtamu. Hapana. Wiki moja kabla ya shemeji kufika nilicheza kwingine, mbali na bahari, jina naliacha. Uwanja wa miti, chini ni udongo wa mfinyanzi. Mfinyanzi ukikauka unapasuka. Nyufa zilikuwa za kuingiza kidole hadi kifundo, njia ngumu kama lami, na kwa kuwa maji hayakutosha walikuwa wamemwagilia grini peke yake, wakazimwagilia mno. Fikiria hilo: unatua mpira yadi mbili kabla ya grini, unaruka unapita mpaka kwenye miti ya nyuma. Unatua yadi mbili ndani ya grini, unazama papohapo kama umedondosha kijiko kwenye ugali wa moto. Hakuna mkwaju wa busara unaoweza kuupanga. Hujui ukosee wapi. Mpira ulioingia kwenye ufa niliuokota kwa adhabu, kwa kuwa ufa wa ardhi kavu haukupi nafuu ya bure hadi kamati iuchoree mstari au iweke kanuni ya pale pale, na hakuna aliyekuwa amechora chochote. Bei nilitozwa kamili. Kijana wa dukani nilipomuuliza kuhusu punguzo alinijibu kuwa grini ziko vizuri.

Hapo ndipo nilipoelewa New Course inafanya nini tofauti. Ni kavu yote kwa kipimo kimoja. Grini ni ngumu kama zilivyo ngumu njia za kuziendea, pengine zimelainika kidogo tu. Kwa hiyo ukijua mpira unakimbia kiasi gani shimo la kwanza, hesabu hiyohiyo inakutosha hadi la kumi na nane. Utaupanga utue yadi 20 kabla, na ukiupanga vizuri utafika. Ni haki. Ngumu, lakini haki.

Na haiji yenyewe. Tulipofika shimo la tano kulikuwa na kijana mmoja kwenye grini jirani na mpira wa maji. (Shemeji alipoulizia "yule ana mpira gani" tulichanganyana kwa dakika nzima, Kiswahili hiki.) Hakuwa anamwagilia grini nzima. Alikuwa anatembea juu yake na kifaa kidogo chenye sindano mbili, anakichoma, anasoma namba, anasogea hatua tatu, anachoma tena. Akipata sehemu iliyokauka kupita kiasi anaipa maji sekunde kadhaa, upana wa sinia tu, halafu anaendelea. Nilimwona akiacha sehemu kubwa ya grini ile bila tone. Mama yangu hutia chumvi hivyo, anaonja kila mara.

Msimu ule maji hayakuwa ya kuchezea. Mamlaka ya mazingira ya Scotland ilifikia hatua ya kusimamisha vibali vya kuchota maji kwenye bonde la mto Eden, mto huuhuu unaomalizikia karibu na shimo la tisa, wakulima wa Fife wakabaki na viazi na mboga zao wanatazama mbingu. England siku ya 19 Julai joto lilikuwa limefika nyuzi 40.3, halijawahi. Kwa hali hiyo uwanja wa kijani kibichi ungenitia shaka zaidi ya uwanja wa kahawia.

Sasa yale ambayo sikuyapenda, maana haya ni maoni na si tangazo.

Macho. Jua la jioni likiwa chini na ardhi imepauka, mpira mweupe unapotea mbele yako ukiwa umeuona ulipotua. Tulipoteza muda mwingi tukitafuta mipira iliyokuwa katikati ya njia, yadi 40 mbele ya tulipokuwa tunatafuta. Shemeji alibadili akatumia wa rangi ya machungwa, ikasaidia. Kama huna, nunua kabla.

Banka. Mchanga ukikauka kabisa unakuwa laini kama unga wa sembe, mpira ukidondoka kutoka juu unajizika nusu. Na banka zenyewe zinakuwa kubwa kuliko zilivyo, kwa sababu ardhi ya pembeni yake yote inateremkia ndani. Banka ya hatua nne inakusanya mipira ya hatua kumi na tano. Mie niliingia mara tano, na mara tatu nilikuwa na hakika kabisa nimepita.

Alama za fimbo. Nyasi zilizolala haziponi hadi zipate maji, kwa hiyo kila kipande kilichong'olewa na waliotangulia kiko pale, na ukiwa na bahati kama yangu mpira wako utapata kishimo hicho. Njia zikiteremka, mipira yote inakusanyika chini sehemu moja, na watu wote wanapigia sehemu moja. Shimo la saba pale bondeni palikuwa kama pamechimbwa na kuku.

Viatu. Njoo na vyenye meno ya mpira yaliyo mazima. Nyasi kavu zinateleza kuliko zilizolowa. Shemeji aliteleza kwenye tii ya nane akakaa chini na draiva mkononi, mbele ya watu wanne wa Marekani waliotusubiri.

Maji ya kunywa beba ya kutosha, upepo wa bahari unakuhadaa huhisi jua. Mie nilibeba chupa moja kwa ubishi wa Kimombasa nikaazima kwa shemeji kuanzia shimo la kumi na moja, na bado ananitajia. Sigara usiwashe, vile vichaka vya miiba vikikauka vinawaka kama makuti.

Lakini shimo la nane. Hili ningelilipia peke yake. Ni par 5 fupi, yadi 481, na grini yake imejificha nyuma ya vilima viwili vya mchanga vilivyoacha mwanya katikati kama mlango wa nyumba ya Mji wa Kale. Siku ya mvua hakuna hadithi, unaurusha juu ya vilima. Siku ile nilibakiwa na yadi 130 hivi. Nikatoa fimbo ya 5. Shemeji akaniambia nimekosea fimbo. Nikaupiga chini, ukatua mapema kabisa, ukalia "ko", ukaanza kukimbia. Ukaingia mlangoni. Tukaupoteza machoni. Tulipoupita ule mwanya tukaukuta hatua tatu kutoka kwenye bendera. Niliukosa ule wa kumalizia, puta ikapita kushoto, na sijali. Shemeji hakusema kitu, alirudisha fimbo ya digrii 60 ndani ya mfuko na kuifunika na taulo, na hadi mwisho hakuitoa tena.

La tisa ni par 3 ya yadi 225 kutoka nyuma, mlango wa mto uko kushoto kwako wazi, maji yametoka, ndege wanachokoa matope. Pepo za pale zilitaka draiva. Shemeji alichukua fimbo ndefu, akampiga panya mkubwa, wa kwanza maishani mwake, ukatambaa yadi 80 nzima na kufika kwenye grini. Alirukaruka. Baba mzima, ana wajukuu.

Mashimo ya kurudi nitayapitia haraka kwa sababu ndivyo tulivyoyacheza, mwanga unapungua na tumeshaelewa mchezo. La kumi liko bondeni kati ya vilima, zuri na gumu. La kumi na saba, par 3 nyingine ndefu, sote wawili tulitumia mikwaju mitano na hatujadiliani. La kumi na nane unarudi na mji mbele yako, minara ya mawe, watu wamekaa nje ya jengo la wachezaji na vinywaji wanakutazama. Mie nilimaliza na pointi 37 za stableford, hesabu ambayo mwenye pointi nyingi ndiye bora, shemeji 24. Chakula cha pale ni cha kawaida, supu nzuri, chipsi zilizolegea. Kwa anayeuliza halali, tulikula samaki.

Kama unaniuliza nyota, kwa mtu anayekuja wakati wa ukavu natoa tano kati ya tano, kwa sharti aache nyumbani ile fimbo ya digrii 60 na afanye mazoezi ya kupiga chini kwa wiki mbili kabla ya safari, hata kwenye uwanja wa mpira wa mtaani, hata kwenye murramu. Mwenye kupenda kijani na mipira ya juu nampa nyota tatu na nusu, na namshauri aje Mei. Anayekuja kwa basi toka Dundee apande namba 99, linamshusha mjini na atatembea.

Oktoba ile niliporudi peke yangu, mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Uwanja ulikuwa kijani kama kalenda. Shimo la nane nilisimama karibu na palepale, nikatoa fimbo ya 5, nikautuma panya wangu. Ulikwenda yadi 90, ukatua, ukazama. Nilipoufikia ulikuwa umejaa tope upande mmoja, nikaupangusa kwenye suruali, nikaurusha juu ya vilima kama watu wengine wote.